Kabati Langu la Mninga na Mkopo Ambao Sikupewa

Maneno yaliyosemwa na mweka hazina wa kwanza wa kikundi, siku ya sherehe ya kutimiza miaka kumi, Kahama

 

Kwanza kabisa namshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutufikisha siku hii. Wenzetu waliotangulia mbele ya haki tunawakumbuka. Pili nawashukuru wanakamati kwa kunipa nafasi. Waliponijia walisema, "Mama, wewe ulikuwa mweka hazina wa kwanza, tuelezee historia ya kikundi." Nikawaambia historia ataisoma Katibu, yeye ndiye mwenye madaftari. Mimi nitazungumza juu ya kabati. Wakatazamana. Lakini hawakunikatalia, basi nipeni dakika zangu.

Wengi wenu kabati hilo mnalijua. Tulipoanza mwaka 2015 tulikuwa wanawake 18, hisa ilikuwa shilingi 1,000, tunakutana chini ya mwarobaini na kisanduku chetu cha kufuli tatu. Mwisho wa mwaka tukavunja kisanduku, tukagawana. Wengine walinunua mbuzi, wengine bati. Mimi nilinunua kabati la vyombo, la mtu aliyekuwa anahama. Mnajua mambo ya huku kwetu: rashi ikianza Nyarugusu au Katoro mtu anauza hata mlango, anakimbilia dhahabu. Lilikuwa kabati la mninga mtupu, milango miwili ya vioo juu, miwili ya mbao chini, na droo moja katikati. Tulilibeba watu wanne kwenye mkokoteni na njiani tulipumzika mara tatu.

Lilikuwa zuri, jamani. Jekundu la kahawia, linang'aa. Nikaliweka jikoni, na kwa kuwa mimi ni mtu wa mkaa na kuni, moshi ukaanza kazi yake. Ukiongeza mvuke wa maharage, mafuta ya kukaangia na vumbi la kiangazi cha Kahama, haikuchukua muda. Ilipofika mwaka 2022 lilikuwa jeusi kama chungu. Mlango mmoja ulikuwa unaning'inia kwa bawaba moja, na mende wamejenga mji.

Mwaka huohuo wakwe watarajiwa wakatuma habari kwamba wanakuja mwezi wa saba kuzungumza mahari ya binti yangu. Mnaelewa. Nikakiangalia kile kitu jeusi, nikasema haiwezekani. Nikaja kikundini kuomba mkopo wa shilingi 400,000 nikanunue kabati la kisasa, lile jeupe lenye vioo vya maua.

Kamati ikaniuliza, "Mkopo huu utazalisha nini?" Mimi mwenyewe ndiye niliyeandika swali lile kwenye katiba yetu! (Kicheko, makofi) Nikasema utazalisha heshima. Bibi yetu mmoja, ambaye leo amekaa pale mbele na hataki nimtaje, akasema, "Mwanangu, hilo la zamani limekufa au limechafuka?" Wakaninyima. Nilirudi nyumbani nimenuna, siwafichi. Wiki mbili sikuja kikao, na faini ya utoro nililipa.

Sasa kwa hasira nikaamua nitalifanya mwenyewe. Nikanunua kopo la vanishi dukani, nikanunua brashi, nikalifuta kabati kwa kitambaa kikavu, nikapaka. Siku hiyohiyo! Kesho yake nikagusa, linanata. Keshokutwa, linanata. Siku ya tano mwanangu akaegesha gazeti juu ya mlango, likaganda. Mpaka leo kwenye kipande cha ubao nilichokitunza unaweza kusoma matokeo ya mpira. (Kicheko)

Kosa lilikuwa nini? Nilipaka vanishi juu ya mafuta. Kabati la jikoni si kama kitanda au meza ya sebuleni. Lina tabaka la mafuta na masizi ambalo macho hayalioni vizuri, na vanishi haishiki juu ya mafuta, wala haikauki sawasawa. Yapo pia makosa ya wazee wetu, Mungu awarehemu. Sisi ni watu wa pamba, na zamani wengi walikuwa wanasugua mbao kwa mafuta ya mbegu za pamba ili zing'ae. Yanang'aa kweli siku mbili tatu. Lakini mafuta yale hayakauki vizuri kama ya kitani. Yanabaki yananata, yanakamata vumbi, na mende wanafurahi. Mafuta ya kupikia yabaki kwenye chungu.

Basi nikaenda kwa fundi seremala wa pale stendi, mzee mwenye heshima zake, nikamwomba anifundishe. Akanicheka, kisha akanifundisha. Akasema, "Mama, kupaka ni kazi ndogo. Kazi ni kuosha na msasa. Kwanza vua kila kitu: vioo, vitasa, bawaba, droo. Usipake kitu ambacho hujakifungua."

Nikarudi nyumbani nikaanza kuvua. Na hapa, Ndugu Mwenyekiti, ndipo ninapoomba ukimya kidogo, kwa sababu nitasema jambo ambalo sikuwahi kulisema mbele ya kikundi.

Nilipochomoa ile droo na kuiinamisha, vikatoka vitone vya fedha kwenye pembe. Vidogo, vinabiringika kama shanga. Ukivigusa vinagawanyika. Wenzangu wa Nyarugusu, wa Masumbwe, wa Kakola mmeshajua ni nini. Ilikuwa zebaki.

Na haikuwa ya yule mtu aliyeniuzia kabati. Ilikuwa yangu. Mkopo wangu wa mwaka 2017, ambao kwenye daftari umeandikwa "biashara ndogondogo", nilinunulia marudio kutoka kwenye mialo, nikawa naosha, nakamata dhahabu kwa zebaki, nakamua kwenye kitambaa, nachoma. Nilikuwa nachomea wapi? Jikoni. Usiku, kwenye jiko la mkaa, kikaangoni, mlango nimefunga ili majirani wasione. Chupa ya zebaki nilikuwa naiweka kwenye ile droo, pamoja na vijiko. Nilifanya hivyo karibu miezi minane. Mkopo nililipa wote na riba, mkanipigia makofi.

Sikujua. Au niseme nilisikia lakini sikusikiliza. Zebaki ikichomwa inageuka mvuke, na mvuke ule hauonekani wala hauna harufu. Ukipoa unatua: ukutani, kwenye dari, kwenye nguo, kwenye mbao. Hata isipochomwa, ikimwagika kidogo tu katika ufa, inaendelea kutoa mvuke polepole katika joto la kawaida la nyumba. Unaovutwa unakwenda kwenye ubongo, kwenye mishipa ya fahamu, kwenye figo. Mtu anatetemeka mikono, anasahau, anakosa usingizi. Wanaoumia zaidi ni mtoto mdogo na mama mjamzito na kile alichobeba. Na jikoni ndimo wanamoshinda hao wote.

Kule Japani uko mji unaitwa Minamata. Mwaka 1956 ndipo madaktari walipotangaza ugonjwa wa ajabu wa watu wa pale, ambao baadaye ulionekana umetokana na zebaki ya kiwanda iliyomwagwa baharini na kuingia kwenye samaki. Ile ni zebaki ya namna nyingine na njia nyingine, lakini mama wa shetani ni mmoja. Kwa jina la mji huo dunia ilifanya mkataba mwaka 2013, na nchi yetu ikatia saini. Mkataba ulianza kufanya kazi mwaka 2017. Mwaka huohuo mimi nilikuwa nachoma jikoni na mlango nimefunga.

Nilikaa chini pale sakafuni nikalia. Mjukuu wangu alikuwa anachukua kijiko chake kwenye droo ile tangu ajue kusimama.

Nilichofanya nitakieleza, kwa sababu mwingine akitoka hapa anaweza kwenda kufungua droo yake. Niliwatoa watoto wote nje, nikafungua madirisha. Sikufagia, maana ufagio unaitawanya. Nilivua pete. Kwa kadi ngumu ya harusi nikavisukuma vile vitone taratibu mpaka vikakutana, nikavikokotea kwenye karatasi, nikavitia kwenye chupa ya plastiki yenye maji kidogo, nikakaza kifuniko. Droo yenyewe sikuitia jikoni kama kuni. Narudia: ubao uliolowa zebaki hauchomwi, maana utakuwa umeichoma zebaki mara ya pili. Niliifunga kwenye mifuko miwili ya nailoni, nikaenda kwa afisa afya nikamwambia ukweli. Niliogopa atanipeleka polisi. Hakunipeleka popote. Alichukua droo na chupa, akaniandikia barua ya kwenda hospitali na mjukuu wangu, na akaniuliza maswali mengi. Mtoto hajambo, namshukuru Mungu. (Makofi) Mimi vidole hivi viwili vinatetemeka asubuhi. Kama ni zebaki au ni uzee, daktari hakuapa.

Nikamuuliza afisa kuhusu kabati lenyewe. Akasema kilichokaa karibu na zebaki kiondoke: droo, ubao wa rafu iliyo chini yake, na ile hadibodi ya mgongoni iliyokuwa imenyonya kila kitu. Lililobaki nilitoe nje, milango wazi, likae juani na kwenye upepo muda mrefu, si siku mbili. Na nisipige msasa mkavu hata kidogo, kwa sababu vumbi lake ndilo tutakalolivuta. Akasema pia, na mimi nawaambieni: kama jikoni kwako palichomwa dhahabu miaka na miaka, usiguse msasa kabisa. Muulize kwanza mtu wa afya au wa mazingira. Kabati si mali kuliko mapafu.

Basi kabati likakaa chini ya mwembe kuanzia mwezi wa sita hadi wa tisa. Wakwe walikuja mwezi wa saba wakalikuta pale, uchi, halina droo, kuku wamelala juu yake. Tuliwatandikia mkeka, sahani tukaziweka kwenye beseni. Mahari ilizungumzwa, ikaisha. Hakuna aliyeuliza kabati liko wapi. (Kicheko)

Mwezi wa tisa ndipo nikaanza kazi, na hii sasa ndiyo sehemu ya akina mama wanaotaka kufanya wenyewe.

Osha kwanza. Maji ya vuguvugu na sabuni ya unga, kitambaa au sponji, siyo kumwagia ndoo, maana mbao ikilowa sana inavimba na viungo vinaachia. Nilibadilisha maji mara saba ndipo yakatoka masafi. Penye mafuta yaliyoganda nilikwangua kwa kisu butu kikiwa kimelowa. Halafu futa kwa kitambaa cha maji masafi, acha likauke kivulini siku mbili tatu. Ukiliweka mbao mbichi kwenye jua kali la mchana linapasuka.

Baada ya hapo ni msasa. Fundi alinipa msasa wa maji, ule mweusi. Unauchovya, unasugua kufuata nyuzi za mbao, siyo kuzikata, siyo kuzungusha kama unasugua sufuria. Sisi wanawake tumezoea kuzungusha, mkono unakwenda wenyewe. Mimi upande mmoja wa mlango una alama za duara mpaka leo. Anza na namba 120, umalizie na 220. Kwa kabati la kawaida lisilo na mambo kama yangu, unaweza kutumia msasa mkavu, hata namba 80 kwa kuanzia, lakini fanya nje, funga barakoa nzuri puani na mdomoni, na watoto wawe mbali. Vumbi la mninga peke yake linawasha macho na kifua. Wapo maseremala wanaopata pumu kwa ajili yake. Na kama kabati lilipakwa rangi ya mafuta ya zamani, ya buluu au ya kijani kama ile ya madawati, usiikwangue kavu. Rangi nyingi za zamani zilikuwa na madini ya risasi.

Mashimo na nyufa nilijaza kwa unga wa mbao wa mninga uliochanganywa na gundi nyeupe ya mbao. Fundi aliniachia bure, ameukusanya chini ya msumeno wake. Usijaze kwa mabaki ya sabuni kama wanavyofanya wengine. Bawaba nilinunua mpya na skurubu ndefu kidogo kuliko za zamani, kwa sababu matundu yalikuwa yamelegea. Droo mpya, rafu na hadibodi alinitengenezea fundi. Hapo sikujifanya najua.

Ndipo vanishi. Sukari kwenye chai, vanishi kwenye mbao: ukizidisha unaharibu. Mkono wa kwanza punguza makali kwa tapentaini kidogo ili uingie ndani ya mbao. Ukikauka, piga msasa wa 220 kwa mkono mwepesi, futa vumbi, paka wa pili. Halafu wa tatu. Mimi nilikuwa napaka alfajiri kabla upepo haujaamka, uwanja nimeunyunyizia maji vumbi lilale. Jiko la mkaa liwe mbali kabisa, na mwenye sigara afukuzwe, maana tapentaini na thina vinashika moto kwa mbali. Ukitumia mafuta ya kitani, vitambaa vyake usivikunje ukavitupa kwenye kona. Vinapata joto vyenyewe na kuwaka. Vianike vimetandazwa, au vitie kwenye ndoo ya maji. Usirudishe vyombo mpaka harufu imekwisha. Mimi nilingoja wiki mbili.

Nilipomaliza mkono wa pili, ile rangi ya kahawia nyekundu ikarudi. Nilisimama pale uwanjani kama bibi harusi.

Hesabu sasa, maana mweka hazina hafi. Vanishi, misasa, brashi, tapentaini, bawaba, skurubu, vilinigharimu shilingi 46,500. Fundi kwa droo, rafu na hadibodi, 60,000. Jumla 106,500, bila mkopo, bila riba. Mwenzetu mmoja aliyenunua lile jeupe la kisasa mwaka huohuo kwa fedha zake atanisamehe nikilisema: ni la unga wa mbao uliogandamizwa kwa gundi, na bomba lilipovuja mara moja tu miguu ilivimba kama mkate kwenye chai. Haya hayapigwi msasa wala hayaunganishiki. Amekubali nilisema, na leo amevaa vizuri kuliko mimi. (Kicheko)

Nyongeza ndogo tu. Wenye umri wangu wanakumbuka Shinyanga ilivyokuwa. Miti ilifyekwa kuondoa mbung'o, ikafyekwa kwa ajili ya pamba, ikaisha kwa kuni, mpaka mkoa ukaitwa jangwa la Tanzania. Mwaka 1986 ukaja mradi wa HASHI, wazee wakarudisha ngitili zao, na vijiji vingi vikapata kivuli tena. Lakini mninga hauoti kwa msimu kama mahindi. Mti wa kutoa ubao mpana kama wa mlango wangu umekua miaka mingi kuliko miaka ya wengi mliokaa hapa, na siku hizi ukitaka mbao zake halali bei yake ni ya kukaa chini kwanza. Mimi nilitaka kuuuza ule kwa fundi vyuma chakavu na mkaa kwa shilingi 20,000.

Ndugu Mwenyekiti, maombi yangu ni mawili na kamati nimeshaiandikia. La kwanza, mfuko wa jamii ununue vifaa vya kukaa hapa ofisini ili mwanachama aazime: barakoa nzuri, bisibisi, patasi, clampu mbili za seremala na taa ya kuangalia ndani ya droo. La pili, wenzetu ambao bado wanaosha marudio, na wapo, nawaona, wasifichwe kwenye daftari chini ya "biashara ndogondogo" kama nilivyofichwa mimi. Waandikwe wanachofanya, na kabla ya kupewa mkopo waonyeshwe ritoti, kile kifaa cha chuma kinachofungwa na kurudisha mvuke kuwa zebaki tena, na wakubali kwamba kuchoma ni nje, mbali na nyumba, na kamwe si jikoni. Nimeiweka kamati kwenye wakati mgumu, najua, maana baadhi ya wanakamati ni hao hao.

Kabati liko nyumbani, mtaa wa pili nyuma ya soko. Anayetaka kuliona aje baada ya sherehe. Droo mpya haifanani sana rangi na mbao za zamani, fundi alisema itakolea na miaka. Vijiko vya mjukuu nimeviweka kwenye kikombe juu ya meza.